Chuma Kimoja, Noti Mbili

Kengele ya asubuhi haijagongwa, na mwalimu wa muziki tayari amejifungia darasani. Anatoa mfukoni chuma kidogo chenye meno mawili, mfano wa uma, ambacho kikigongwa hutoa noti moja tu ya muziki, ile iitwayo La. Anakigonga gotini na kukipeleka kwenye sikio la kulia. Anasikiliza, macho ameyafumba. Anakigonga tena, anakipeleka kwenye sikio la kushoto, na uso unamkunjamana kama aliyetafuna mchanga.

“Sikio la kushoto bado linanidanganya,” anasema. “La kulia ni zima. Leo ni zima.”

Hivi ndivyo anavyoanza kila siku siku hizi. Chanzo ni homa iliyomlaza miezi miwili iliyopita. Alipoinuka kitandani, sikio la kushoto lilikuwa linavuma. Mvumo ulipopungua, lilibaki likisikia kila noti chini kidogo ya ilivyo. Chuma ni kimoja, mwalimu ni mmoja, noti ni mbili.

Wanafunzi humwita Mwalimu Do. Kwa miaka ishirini na mmoja amefundisha muziki katika shule hii ya sekondari. Ana kinanda kimoja chenye vibao vitatu vilivyokufa, magitaa manne na wanafunzi thelathini na wanane. Sauti ya mtoto ikiyumba, yeye huijua kabla mtoto mwenyewe hajajijua. Sikio ndilo jembe lake.

Ndiyo maana hakulishuku. Alimshuku mwanafunzi.

Mwanafunzi huyo ni msichana wa darasa la mtihani ambaye wenzake wamempa jina la Filimbi. Siku ile alisimama mbele kuimba peke yake, na mwalimu akamkatiza.

“Unashuka! Panda!”

Akapanda. “Bado! Hujisikii?”

Mara ya tatu machozi yalimtoka. Ndipo kijana wa sauti nzito ya besi, mkorofi wa dawati la nyuma, akapaza sauti: “Mwalimu, mbona kinanda kinakubaliana naye?”

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akawaka, na mkorofi akatolewa nje kufuta madirisha yote ya upande ule.

Jioni wanafunzi walipoondoka, mwalimu alibonyeza kibao cha La huku ameziba sikio moja. Akaziba jingine. Akabonyeza tena.

Anasimulia: “Nilikaa kwenye kiti cha kinanda nikaogopa hata kukigusa. Sikuwa nimesikia mtoto akikosea. Nilikuwa nimesikia mimi ninavyoharibika.”

Alificha wiki tatu nzima. Aliziba sikio bovu kwa pamba akasingizia mafua, na wanafunzi wakacheka kwamba Mwalimu Do ana mafua ya sikio moja. Lakini kwa sikio moja hakuweza tena kujua sauti mbovu inatoka upande gani. Alimkaripia huyu, kumbe kosa ni la yule.

Nyumbani mkewe, fundi cherehani, alishagundua. “Mume wangu, redio iko kushoto kwako, halafu unatazama kulia ukiniuliza nani ananong’ona,” alimwambia. “Twende hospitali.”

“Wakiniambia na la pili linakwenda?”

“Na usipokwenda, litabaki kwa kukuonea huruma?”

Hakwenda. Alikwenda kwa mkuu wa shule. Mama huyo alimsikiliza hadi mwisho, akavua miwani, akasema: “Mtihani upite kwanza, Mwalimu. Halafu tutazungumza.” Hilo “tutazungumza” amelala nalo na kuamka nalo. Shule haina mwalimu mwingine wa muziki, na somo lisilo na mwalimu hufutwa kwenye ratiba kwa mkono mmoja.

Kutoka ofisini alikwenda moja kwa moja darasani, akatoa pamba sikioni mbele yao wote, akawaambia ukweli.

Mkorofi wa besi akauliza: “Kwa hiyo nilikuwa sahihi?”

“Ulikuwa sahihi.”

“Basi Mwalimu, nirudishie uchafu wa madirisha yangu.”

Walicheka hadi madawati yakagongana. Filimbi hakucheka. Mwalimu alimwomba radhi mbele ya wenzake, naye akajibu akiwa ameinamisha kichwa: “Mimi nilikuamini, Mwalimu. Siku hizi nikiimba, nasikia nimeshuka. Hata nikiwa sijashuka, nasikia.”

Tangu hapo hajaimba peke yake. Na Alhamisi hii, mbele ya mtahini, lazima aimbe peke yake.

“Sikio langu limeharibiwa na homa,” anasema mwalimu. “La kwake nimeliharibu mimi, kwa mdomo wangu huu. Hicho ndicho kinachonitisha kuliko uziwi.”

Leo ni Jumatano, zoezi la mwisho. Mwalimu hakigongi chuma. Anakiweka kwenye kiganja cha Filimbi.

“Wape wenzako noti.”

“Mimi? Nikikosea?”

“Chuma hakikosei. Sikiliza hicho, usinisikilize mimi.”

Msichana anakigonga, anakipeleka sikioni, halafu anamtazama mwalimu usoni kutafuta jibu. Mwalimu anampa kisogo na kutazama nje dirishani. Mikono ameifunga nyuma, vidole vimekabana. Darasa zima linangoja.

“Imba basi, dada,” mkorofi ananong’ona. “Besi tunazeeka huku.”

Sauti inatoka, nyembamba, yenye woga. Wenzake wanaipokea. Mwalimu hageuki, wala hasemi kama ni sahihi au si sahihi. Wanapotoka, chuma kinaondoka kikiwa katika mfuko wa sare ya Filimbi.

Ijumaa mwalimu atakwenda hospitali. Mkewe ameapa kumpeleka hata kwa kumburuta. Akibakiwa na sikio moja, anataka kufundisha hivi hivi: kila mwanafunzi ajifunze kusikia mwenyewe, bila kumtazama mwalimu usoni.

Lakini Ijumaa iko mbali. Alhamisi iko karibu, na mwalimu haruhusiwi kuingia chumba cha mtihani.

“Nitakaa nje, mlangoni,” anasema, akigusa sikio lake la kulia kama mtu anayehakikisha hajaibiwa. “Hili nitaligeuzia ukuta. Akianza, nitamsikia. Asipoanza, pia nitasikia.”