Chai Iliyopitishwa Kwenye Mkaa

Maji ya pampu yetu pale Nakivale, kambi ya wakimbizi huko Uganda, yalikuwa na chuma. Ukiyaacha kwenye ndoo mpaka asubuhi, ungeyakuta yamejitandia utando wa rangi ya kutu, na shati jeupe ukilifua lilitoka kama umelifulia kwenye udongo. Lakini ubaya wake hasa ulionekana kwenye chai. Ule ukali wa majani ya chai ulikamatana na chuma, na kikombe kizima kikageuka wino. Sisi tulishazoea. Wageni hawakuwa wamezoea.

Watu wa kwanza kuja kunichumbia walitoka Oruchinga, kambi ya jirani. Walikaa vizuri, wakausifu mkeka wetu, wakaletewa chai. Waliutazama ule weusi, kisha wakatazamana. Siku hizo kila mtu alikuwa na hadithi ya jirani aliyewekewa sumu kwenye kinywaji. Ghafla wote watatu wakakumbuka kwamba wameacha mbuzi bila mchungaji, tena mbuzi yule yule mmoja. Hawakurudi. Mama alilia. Mimi sikulia, maana huyo kijana mwenyewe alikuwa akitafuna mdomo wazi.

Wa pili ndiye niliyemtaka. Alikuja na vitambaa kutoka duka la baba yake mjini Mbarara, akivitandaza sokoni pale Base Camp. Nilishavishika vitenge vyake vyote bila kununua hata kimoja, naye hakunifukuza. Aliposema baba yake anakuja kwetu kuniposa, nilifurahi sana, kisha nikaikumbuka pampu. Baba yake alikuwa Hajji, mtu wa kanzu iliyopigwa pasi. Na sisi Waislamu tuliotoka Zaire, nyumbani kwetu angalau, neno la posa halikutamkwa kabla mgeni hajanywa chai. Akikiacha kikombe, amekataa.

Mama aliijua dawa yake. Alitwanga mkaa kwenye kinu mpaka ukawa unga, akaufunga ndani ya kitambaa kilichokunjwa mara nyingi, akakiweka juu ya mchanga kwenye ndoo iliyotobolewa chini. Mimi nilikuja kusoma kemia baadaye, nikajua alichokuwa akifanya. Mkaa umejaa vitundu, na kila kitundu kina kuta, na kwenye kuta hizo kuna mahali pa chuma kushika. Ni kama msiba wenye viti vingi: kila anayepita anapata pa kukaa. Kadiri unavyoutwanga, ndivyo viti vinavyoongezeka. Viti vikijaa, maji hutoka na kutu yake kama yalivyoingia. Hapo Mama alikuwa akiumwagia mkaa maji ya ndimu, na ule uchachu uliwainua waliokaa wote, wakatoka nje. Anasuuza, anaanza upya.

Asubuhi ya posa alichuja maji ya chai, yakatoka safi. Akachemsha chai, ikawa nyekundu, nzuri, mpaka nikatamani kuolewa saa ile ile. Kisha akaumwagia mkaa ndimu, akausuuza vizuri, akaenda kuvaa.

Shangazi yangu akabaki jikoni. Shangazi alikuwa mtu wa kuongeza. Chumvi aliongeza, dua aliongeza, habari za watu aliongeza zaidi. Akafunua sufuria, akaitazama chai, akawakumbuka wale wa Oruchinga.

“Iko bado na weusi kidogo,” alisema peke yake, nami nikimsikia kutoka chumbani, ambako mwali hatakiwi kutoka. “Kama hii makala ya kwenye ndoo ilisafisha maji, itasafisha na chai. Itakuwa muzuri zaidi.”

Akaipitisha chai yote kwenye ule mkaa wenye viti vitupu. Ilikuwa ikishukia moja kwa moja ndani ya chupa ya chai, kwa hiyo hakuona kitu. Akatia sukari, akafunga kifuniko, akajisifu.

Hajji alifika. Salamu zikaenda, zikarudi. Nilichungulia penye pazia. Mama akaishika chupa kwa mikono miwili, akamimina, na kikombeni kikaingia kitu cheupe pee, kinachofuka moshi. Maji ya moto. Mkaa ulikuwa umekalisha rangi, ukali na harufu, haukubakiza hata tangawizi. Mikono ya Mama ikaanza kutetemeka mpaka kifuniko kikagongagonga chupa. Mimi nikauma pazia.

“Bwana Hajji,” Shangazi akadakia, bila hata kumeza mate, “hii ndiyo chai ya kwetu ya siku ya kuposa. Iko nyeupe sababu na roho yetu iko nyeupe.”

Hajji akakitazama kikombe, akamtazama Mama. Akasema bismillahi, akanywa mpaka mwisho. Akaomba cha pili. Posa ikazungumzwa.

Siku ya harusi kule Mbarara, wageni wote walipewa chai ya maziwa, nzito, yenye iliki. Watu wa kwetu wakaletewa chupa yao maalumu, kwa heshima kubwa: maji ya moto yenye sukari. Mama alikuwa ametoka Nakivale na kiu ya chai halisi. Alikunywa huku akitabasamu kama aliyebanwa na kiatu. Na ikawa desturi. Kila alipokuja kunitembelea, Hajji alimwagizia ile chai nyeupe, na mimi kwa kumsindikiza nikanywa pia, miaka mingi.

Siku moja nilikuwa peke yangu na Hajji barazani, nikashindwa kuvumilia, nikamweleza habari ya shangazi na mkaa. Alicheka mpaka kofia ikamdondoka.

“Mwanangu, hiyo siku mimi nilijua iko maji tu,” akasema.

“Sasa Baba, ulikunywaje? Mpaka cha pili!”

“Mama yako mikono ilikuwa inatetemeka. Mtu anahangaika hivyo juu yako, wewe unaacha kikombe?”

“Na hii mnayotupikia miaka yote?”

Akanishangaa. “Si nilifikiri nyinyi munapenda!”

Niliingia jikoni machozi yakinitoka, sijui ya kicheko au ya nini. Wiki hiyo Mama alikuwepo, amelala chumba cha ndani. Nikapika chai halisi, nyeusi tititi, nikamwamsha.