Kompyuta Iliyogoma na Karatasi za Mwalimu

Nilibonyeza kitufe, panka ya ndani ikaanza kuvuma kama kawaida yake, kisha ukatoka mlio mara tatu, pii, pii, pii, na skrini ikabaki nyeusi. Nikazima. Nikawasha tena. Pii, pii, pii. Nilirudia mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, na mwisho nilikuwa nabonyeza kwa hasira tu, si kwa matumaini.

"Labda imechoka," alisema mume wangu, akipiga pasi kanzu yake.

"Kompyuta haichoki."

"Basi umechoka wewe. Ipumzishe, nawe upumzike."

Sikumjibu vizuri. Pasi yake ilikuwa kwenye ekstensheni ile ile ya kompyuta, nami nikamwambia waziwazi kwamba yeye ndiye aliyeiua. Akachomoa pasi, akavaa kanzu upande mmoja una mikunjo, akaenda zake. Sikuwa na ushahidi wowote. Nilitaka tu pawe na mwenye makosa, na yeye ndiye aliyekuwa karibu.

Afadhali nieleze kwa nini nilichanganyikiwa hivyo. Ndani ya kompyuta ile mlikuwa na kitabu cha mwalimu wangu. Ni mwanamke aliyenisomesha chuo cha Kurani nikiwa mdogo, katika chumba cha chini, vichochoro viwili kutoka kwetu, na wengi wa wanawake wa mtaa huu wa Mji wa Kale wamepita mikononi mwake. Kwa miaka mingi alikuwa akiandika masomo yake kwenye karatasi za mojamoja: udhu, sala, dua za mzazi, namna ya kumuosha maiti wa kike. Aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, maana ndivyo alivyofundishwa. Sasa macho yamemfifia, hasomi hata alichoandika mwenyewe. Akanipa karatasi zote ndani ya mfuko wa kitambaa, akasema, "Niandikie kwa hizi herufi zenu, wajukuu wasome."

Kwa nini alinichagua mimi, mpaka leo sijui. Mimi niliishia darasa la saba, na anao wanafunzi ambao leo ni walimu wa shule. Nadhani ni kwa kuwa nilikuwa na kompyuta. Nilichapa kwa vidole viwili, miezi minne. Nilipomaliza nikazichoma zile karatasi.

Hakuna aliyeniamuru. Karatasi zenye aya na jina la Mwenyezi Mungu hazitupwi kwenye taka, hilo kwetu kila mtu ajua, na nyumba yetu paa lavuja na paka hawana adabu. Nikaziteketeza mojamoja ndani ya karai safi, jivu nikalimwaga baharini, nikarudi nyumbani nimeridhika na heshima yangu. Kitabu sikuwa nimekitoa kwa printa wala kukinakili popote, nikingoja nikipitie kwanza. Kwa hiyo nakala ya pekee duniani ilikuwa ndani ya lile boksi linalolia pii.

Siku hiyo hiyo, Alhamisi, nilibadilisha waya, nikatumia wa televisheni. Pii, pii, pii. Nikaihamishia chumba kingine, kwa umeme mwingine. Nikaifuta vumbi. Nikaipigapiga ubavuni, jambo ambalo nalionea haya.

Ijumaa nililifunga boksi kwa leso yangu ya kujitanda, nikapanda tuk-tuk hadi kwa fundi mmoja wa kompyuta huko Mwembe Tayari. Akaliwasha, akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Hii imekwisha ndani, mama. Iache, tukuwekee vitu vipya, uanze upya."

"Na vilivyomo?"

"Vilivyomo siwezi kukuahidi."

Nikalichukua boksi langu nikaondoka, na njia nzima nikimsema moyoni. Kwa haki, yule fundi hakunidanganya. Watu walikuwa wamejaa mlangoni na simu zao zilizovunjika, naye alinisikiliza hata hivyo. Angeniahidi asichokiweza, ningemwachia, na huenda yote yangefutwa.

Jioni nikamwomba mume wangu radhi kwa maneno ya pasi. Akasema yamepita, kisha akaongeza, "Kwa mwalimu nenda kesho, kabla hajakuuliza."

Nikaenda Jumamosi. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka akichambua mchicha kwa kupapasa, majani huku, vijiti huku. Nikamwambia yote, nikaanzia kwenye kompyuta ili nichelewe kufika kwenye karai.

"Umezichoma zote?"

"Zote, mwalimu."

"Hata jivu huna?"

"Nililimwaga baharini."

"Basi samaki washasoma." Akaendelea na mchicha wake. "Mimi nilikwambia unichapie, ama nilikwambia unizikie?"

Nilitamani anipigie kelele, yaishe. Badala yake alisukuma sinia pembeni, akauliza kama nina kalamu. Nilikuwa nayo na daftari pia. Akaanza kunisomea kutoka kichwani, naye akiniharakisha, mimi mkono wangu mzito.

"Andika, usipambe," akaniambia. "Si barua ya posa hiyo."

Mlango wa udhu ulitoka wote. Wa sala pia. Tulipofika kwenye kuosha maiti, alisema mistari kadhaa akanyamaza. Akarudi nyuma, akasema tena, akanyamaza pale pale.

"Hapa palikuwa na maneno. Wewe ndiye uliyeyachapa. Yalikuwaje?"

Miezi minne nimeyatazama maneno yale, na sikuyakumbuka.

Jumapili mchana nilikuwa nabonyeza tena, hata sijui kwa nini, jirani wa juu akabisha hodi. Ni mtu wa bara, anafanya kazi ofisi za bandarini, na alikuwa ndiyo kwanza arudi kutoka kanisani, koti bado mwilini.

"Mama, hiyo sauti naisikia tangu Alhamisi. Inalia mara tatu, si ndiyo?"

"Wajua maana yake?"

"Ndiyo kazi yangu, mama. Mashine za ofisi natengeneza mimi."

"Na siku zote hizi mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Nami nikasema, nikibisha mlango wa watu wataniona mdaku."

Ni kweli. Miaka miwili twasalimiana kwenye ngazi, sijawahi kumuuliza afanya kazi gani. Akavua koti, akalifungua boksi kwa bisibisi, akachomoa kijikadi kirefu cha kijani alichokiita ram. Meno ya kikadi hicho, pale kinapochomekwa, yalikuwa yameingia kutu ya kijani kibichi. "Hewa ya bahari," akasema. Akaniomba raba ya kufutia penseli, akayasugua meno yale kama anafuta hesabu iliyokosewa, akakirudisha mpaka kikaalika. Kitufe. Mlio mmoja mfupi, na skrini ikawaka.

Nilimshukuru mpaka akaona haya. Alipoondoka nikafungua kitabu, nikaenda moja kwa moja pale mwalimu aliponyamaza. Mstari upo, umenyooka. Nikausoma, ndipo nikakumbuka. Karatasi ile wino ulikuwa umelowa maji. Niliona neno la mwanzo na la mwisho, maneno ya katikati nikayatia mwenyewe, niliyoyaona kuwa sawa. Nikarudi nyuma kurasa kadhaa. Mahali pengine napo nilikuwa nimefanya hivyo, na pengine tena. Nikahesabu sita, nikaacha kuhesabu. Kwenye skrini yote yanafanana, yake na yangu.

Jumatatu nilinakili ule mlango kwenye daftari, nikaenda kumsomea. Nilipoupita mstari ule akapiga paja.

"Ewaa. Ndiyo hayo. Alhamdulillahi, ndiyo hayo hayo."

Alifurahi kweli. Uso wake wote ulilegea, na mimi nilikuwa na pumzi ya kusema neno moja tu.

"Hayo ni yangu, mwalimu. Wino ulikuwa umefutika, nikakisia."

Mkono wake ulikuwa bado pajani.

"Yafute," alisema. "Na mengine uliyonitilia, nitajie moja moja. Anza mwanzo."

Nikafungua ukurasa wa kwanza wa mlango ule. Adhana ya alasiri ilitukuta hata ukurasa huo hatujautoka.