Nusu ya Elektroni

Nakumbuka siku moja, mwanangu, miaka ya elfu mbili mwanzoni, nywele zangu zikiwa bado nyeusi tititi. Niliingia intavyu ya ufadhili pale chuoni mjini nikiwa nimekariri fizikia mpaka nukta. Sisi waombaji tulinunua maswali na majibu ya miaka iliyopita kwa mpiga fotokopi, tukayameza kama dawa ya malaria. Maana ya majibu hayo, nani angeiuliza?

Nafasi ilikuwa moja tu. Mama yangu, aliyefua nguo nyumba za wenyewe, alikuwa ameshatangazia kanisa zima kwamba ni yangu.

Nikauandika ubaoni mlinganyo wa wimbi la elektroni, mbio mbio, bila kosa. Profesa, mzee wa maneno machache, akaweka kalamu chini.

"Sasa hilo wimbi ni nini?"

"Ni elektroni yenyewe, Profesa. Imesambaa kama uji kwenye sahani."

"Umewahi kuokota nusu ya elektroni?"

Ngai, Mungu wangu! Jasho likanitoka.

"Debe tupu haliachi kuvuma, binti yangu. Nenda ufikirie. Rudi saa nane."

Nikakaa kwenye ngazi nikilia, nikimtamani mama. Hakuwa na simu. Nikabaki kukisia: leo huenda anafua mtaa wa Muthangari, pengine mtaa wa Karen. Lakini nikimpata nitampata mzima, na povu mikononi. Hapo nikafuta machozi: kumbe hata elektroni ni vivyo hivyo!

Saa nane nikamwambia Profesa: wimbi si elektroni. Ukichukua ukubwa wake ukauzidisha kwa wenyewe, unapata uwezekano wa kuikuta mahali fulani. Nikampa na mfano wa mama.

"Mama yako yuko mahali hata usipojua," akasema. "Elektroni je, kabla hujaipima?"

Jibu la kukariri lilikuwa mdomoni. Nikalimeza.

"Hapo sijui, Profesa."

Mzee akacheka. "Hata sisi tunabishana bado. Nitapeleka jina lako kwa wafadhili."

Nikajivuna, na leo najivuna, wacha nijivune! Nimelifundisha wimbi hilo hadi mvi zimeniota, na mama bado huwaambia majirani kwamba elektroni ni yeye.

Basi mwanangu, kuuliza si ujinga, na kusema sijui si aibu. Usibebe jibu usilolielewa, hata likikupa maksi. Mungu akujalie subira ya kutafuta, na siku utakapokipata unachokitafuta, ukipate kizima.