Vocha ya Mwenza

Kwa miaka thelathini Elimringi wa Nkoaranga alikuwa mtu wa safari. Kazi yake ilikuwa kutengeneza mashine za eksirei: leo Mtwara, keshokutwa Bukoba. Alipostaafu alijikuta na pointi nyingi za shirika la ndege, pamoja na vocha moja ya mwenza, yaani tiketi ya bure ya mtu wa pili, iliyokuwa inaisha mwezi huohuo. Na mzee alishakata shauri: pointi zile zitampeleka Dubai, siti ya mbele kabisa, miguu kainyoosha. Kwa nini asijipongeze, jamani?

Ndipo Brenda, binti yake mkubwa, akajifungua Mwanza kwa upasuaji. Mumewe alikuwa kikazi nje ya nchi. Huku Meru mzazi hulelewa na mama yake kwa wiki sita: anapikiwa mtori wa ndizi, anakandwa, hagusi kazi. Lakini mgongo wa Susana, mke wa Elimringi, haukuweza tena kustahimili basi kutwa nzima. Kila Brenda alipopiga simu, Susana alilia.

Elimringi akaona amepata jawabu. Vocha impeleke Susana, pointi zibaki zake. Akawapigia watu wa ndege.

"Mwenza anasafiri na wewe, baba," dada wa upande wa pili akamwambia. "Kwenda na kurudi, tarehe zilezile. Tiketi yako utailipia kwa pointi; hizo hazimkatii mtu mwingine."

Loo! Dubai ikayeyuka hapohapo. Lakini kilichomchoma zaidi ni zile wiki sita. Mwanaume gani wa Kimeru anakwenda kulea mzazi? Jirani yake Sumari alicheka mpaka akashika mbavu. "Usisahau khanga ya kumbebea mjukuu, mzee mwenzangu!"

Elimringi akarudi nyumbani amevimba. "Nitafanya nini kule, Mama Brenda? Nifue nepi?"

Susana alikuwa akimenya ndizi, hakuinua uso. "Brenda ulimwona ana miezi minne, Baba Brenda. Mdogo wake Calvin, mitano. Sikukulaumu, ulikuwa kazini. Sasa unashikwa na kazi gani?"

Mzee akatoka, akasimama kwenye migomba kitambo kirefu. Aliona aibu, na safari hii haikuwa aibu ya kuchekwa na Sumari. Aliporudi ndani alikuwa na simu mkononi. "Nakata mbili," akasema. "Wiki sita."

Walifika Mwanza asubuhi na mkungu wao wa ndizi za mtori. Brenda alifungua mlango ameinama, mkono mmoja tumboni. Mama na binti wakakumbatiana wakalia, kisha Susana akaelekea moja kwa moja jikoni. Brenda akaketi, akamchukua mtoto kochini, akamnyooshea baba yake.

Mzee mzima, baba wa watoto wanne, alibaki amesimama, mikono imemganda.

"Nionyeshe, mama," akamwambia Brenda polepole. "Kichwa kinashikwaje?"