Barafu ya Kumpelekea Zuwena

Ukitaka kunirudisha utotoni nifungulie tu sanduku lenye naftalini. Ile harufu ya vidonge vyeupe vinavyowekwa kwenye nguo zisitafunwe na wadudu, kali, inayopanda puani mpaka machozi yakalenga, wengi hawaipendi. Mimi naivuta mpaka ndani. Wiki iliyopita nilikuwa nampangia mama kabati lake hapa Maskati, nikavuta koti zito la kijivu lililokunjwa chini kabisa, na harufu ile ikanijaa. Nikakaa sakafuni, mtu mzima mimi, nikalikumbatia lile koti.

Lilikuwa koti la Ami Nassor, mdogo wake baba. Ami alisomea uhandisi katika nchi moja ya kaskazini ya mbali, huko ambako mito huganda mpaka watu wakavuka juu yake kwa miguu. Alirudi na shahada, kamera nzito ya chuma, na mapenzi ya baridi ambayo nyumbani kwetu Wattaya hakuna aliyeyaelewa. Sisi tulikaa nyuma ya maduka ya magari, vioo vitupu na jua tupu, na kiangazi tulikuwa tukifungua bomba la maji ya baridi yakatoka ya moto. Ami alitukalisha sebuleni akatuonyesha picha zake: miti iliyoinama kwa uzito wa theluji, watoto waliofungwa nguo wakabaki macho tu, yeye na wenzake wakitembea msituni na mikate mifukoni. Alisema siku za mapumziko walikuwa wakitoka, baridi iwe kali vipi, kwenda kutazama tu. Hilo lilinishangaza kuliko theluji yenyewe. Mimi nilijua watu wazima hutoka kwenda sokoni, hospitali au mazikoni.

Bibi, mama yao baba na Ami, alizipitia picha zile haraka haraka. "Umeteseka, mwanangu," alimwambia, akamrudishia.

Na yeye mwenyewe alikuwa hapigwi picha. Sikukuu, tukishapangwa mbele ya makochi na nguo mpya zinatukwaruza shingo, Bibi alivuta mtandio usoni akageukia ukutani. Picha ya pasipoti alipigwa kwa amri ya serikali, na pasipoti hiyo aliifungia kwenye kasha lake, hakuna aliyeruhusiwa kuifunua. Ukimuuliza kwa nini, jibu lilikuwa moja: "Picha yangu iko Unguja. Inatosha."

Hiyo ya Unguja tuliijua kwa kusimuliwa. Bibi alipigwa studio siku za harusi yake, mkono juu ya kiti, hina mpaka kwenye viwiko. Ilitundikwa nyumbani kwa mdogo wake, Bi Zuwena, aliyebaki huko Bibi alipovuka kuja Omani na wanawe wadogo. Zaidi ya miaka thelathini ilipita na wale ndugu hawajaonana. Walizungumza kwa kaseti. Mtu akisafiri alipewa kanda ya huku, akirudi alileta ya kule, na kila kanda ya Bi Zuwena, baada ya salamu na habari za waliooa na waliofariki, ilimalizikia pale pale: "Dada, niletee japo picha."

Bibi alikuwa haijibu sehemu hiyo. Baba na Ami iliwaumiza, kwa sababu Bi Zuwena alikuwa anaugua moyo na madaktari wamemkataza safari, na Bibi kwa magoti yake hakuweza hata ngazi za hospitali. Nilimsikia baba akimwambia mama jikoni kwamba hawa wasipoonana kwa picha hawataonana tena duniani. Kumpiga picha kwa kuvizia kulikuwa hakuwezekani. Ami alijaribu mara moja, na Bibi akamkalisha chini akamwambia kwa utulivu, "Ukinipiga bila ya idhini yangu, radhi zangu huna." Kwetu sisi, mama akishataja radhi, mazungumzo yamekwisha.

Basi majira ya baridi mamoja, katikati ya miaka ya tisini, rafiki yake Ami wa Al Hamra, mji ulio chini ya milima, alipiga simu kwamba juu Jebel Shams maji yanaganda. Ami aliruka kama mtoto aliyeambiwa kesho sikukuu. Alitoa sanduku lake la kaskazini na nyumba nzima ikanuka naftalini. Alitaka kunichukua mimi na mdogo wangu Hamoud. Bibi akasema watoto hawapandi mlima na mwendawazimu peke yake, kwa hiyo na yeye anakwenda, magoti yakitaka yasitake. Akapika mkate wa kumimina na kujaza chai ya tangawizi kwenye chupa, na hapo nikajua safari ni ya kweli.

Tulilala Al Hamra kwa yule rafiki, na baada ya sala ya alfajiri tukaanza kupanda kwa gari. Njia ilikuwa ya vumbi na mawe, inajipinda ukingoni mwa bonde ambalo mwisho wake sikuuona. Kila kona Bibi alisoma Ayatul Kursi, na kona zilikuwa nyingi kiasi kwamba hakupata nafasi ya kumtukana Ami, ingawa uso wake ulionyesha kuwa anaweka akiba. Halafu jua likachomoza, gari likasimama, Ami akafungua mlango.

Nilikuwa sijawahi kuguswa na kitu kama ile hewa. Iliingia puani ikanichoma, lakini si kwa moto, na mimi nilikuwa sijui kuwa kuna kuchoma kwingine. Kimya kilikuwa kikubwa. Majabali yalishuka mbele yetu mpaka yakawa rangi ya samawati, na pale chini ya miguu, kwenye kivuli ambapo jua halijafika, changarawe na vijiti vya majani makavu vilikuwa vimepakwa weupe, kama mtu amepita usiku akichekecha unga. Nilikanyaga, ikalia kwa sauti ndogo ya kuvunjika. Nikasimama na mguu mmoja juu, naona haya kukanyaga tena.

Nyuma yangu Hamoud akapiga ukelele. "Bibi anaungua!"

Tukageuka. Bibi alikuwa anashuka garini, amevaa lile koti la kijivu juu ya baibui na kofia ya sufu juu ya mtandio, na mdomoni mwake mlikuwa mnatoka moshi. Alipofungua kinywa kumwuliza Hamoud ana nini, ukatoka mwingi zaidi. Bibi akauona. Akapuliza polepole, akaufuata kwa macho mpaka ulipopotea. Akapuliza tena. "Hivi hii ndiyo roho yenyewe, Nassor?" aliuliza, na sauti yake haikuwa ya mzaha.

Ami alimweleza kuwa ni mvuke wa pumzi, na kwamba kule alikosoma kila mtu hutembea nao miezi mizima. Alieleza huku anamtazama mama yake, na jua lilikuwa linampiga Bibi ubavuni, linaung'arisha ule mvuke. Mkono wa Ami ulishafika kwenye kamera. Nikauona unasimama hapo, vidole vimeikumbatia, halafu ukateremka taratibu ubavuni. Akageuka akapiga picha mwamba. Ule mwamba tunao mpaka leo, hauna cha kutazama.

Kidogo pale mbele palikuwa na zizi la mbuzi na mwanamke mmoja wa mlimani anawafungulia. Kando yake lilikuwepo birika la saruji la kunyweshea, na maji ndani yake hayakutikisika. Bibi aliinama kwa uchungu wa magoti yake, akagusa kwa kidole, akaurudisha upesi. Kisha akatia mikono yote miwili ukingoni, akabandua, na likatoka pande zima la barafu, pana, jembamba, linapitisha mwanga. Ndani yake liliganda jani moja, na pembeni, nisiseme uongo, kinyesi cha mbuzi.

"Barafu ya nani hii?" Bibi aliuliza.

Yule mwenye mbuzi alicheka, akamjibu kwa Kiarabu kwamba barafu ni ya Mungu, mbuzi ndio wake.

Bibi akaanza kucheka na macho yamemjaa maji. Hapo ndipo alipotuhadithia, amelishika pande lile kwa ncha za mtandio, mambo ambayo hakuwahi kutuambia. Walipokuwa wadogo Unguja, yeye na Zuwena, barafu ilikuja mtaani kwa gari la hamali, imefunikwa magunia na unga wa mbao, na ikinunuliwa kwa harusi tu. Siku moja waliiba kipande, na kwa kuwa walitaka wakione tena kesho yake, wakakifunga kwenye kanga mpya ya mama yao wakakificha kashani, chini kabisa ya nguo. Asubuhi wakakuta maji na kanga zimechuja rangi. Walichapwa wote wawili, lakini Zuwena hakulia kwa fimbo. Alilia kwa sababu barafu haipo, na alimlaumu dada yake kuwa ameila usiku.

"Mpaka leo anasema nlikula mimi," Bibi alisema. Akaliinua pande lile, akalitazama jua kwa ndani yake. "Nassor, hicho kidude chako kitaliweka hili lisiyeyuke? Nnataka alione Zuwena."

Ami akasema, "Nikipiga barafu peke yake itaonekana kioo cha dirisha, Mama. Lazima ishikwe na mtu."

"Ashike huyu mke mwenzangu," akasema, akaninyooshea. Ndivyo alivyokuwa akinitania, mke mwenza. Lakini kabla sijaipokea aliirudisha kifuani. Alinitazama muda mrefu. "Hapana. Zuwena hamjui huyu. Atasema tumemwokota mtoto na kioo. Hatoamini mpaka anione mimi."

Mbuzi walilia, wakanyamaza.

"Sasa umesimama nini?" Bibi alifoka. "Nipige! Vidole vinakufa!"

Ami akainua kamera, akabonyeza, kimya. Kwa baridi ile betri zake huishiwa nguvu, na yeye, mtaalamu wa kaskazini, alikuwa amezitoa baada ya kupiga ule mwamba akaziweka kwapani zipate joto, kisha kwa mshangao wa asubuhi ile akazisahau. Sijamwona mtu akihangaika vile. Alifungua vifungo, akatia mkono kwenye fulana, betri moja ikamdondoka ikabiringika chini ya mbuzi, mimi nikaifuata kwa magoti, Bibi anamlaani kwa Kiswahili na yule mwenye mbuzi anamsaidia kwa Kiarabu, barafu inadondosha maji mikononi mwake na imeshaanza kulia. Nilikuwa naomba moyoni, Mungu, isivunjike kwanza. Ami alifunga kamera. Bibi akanyoosha mgongo, akalishika pande lile kama sinia la vileja siku ya sikukuu, na akashusha pumzi ya mtu aliyechoka kungoja.

Kamera ikalia. Barafu ikavunjika miguuni mwake.

Picha ilisafishwa studio mjini Ruwi, na jirani yetu aliyekuwa anasafiri akaenda nayo Unguja. Kanda ya majibu ilikuja kabla ya Ramadhani. Tulikaa sote sebuleni, mimi nikapewa heshima ya kubonyeza. Bi Zuwena alisalimu, akawataja wagonjwa, kisha sauti yake ikapungua, kama mtu aliyeisogelea redio.

"Dada, barafu nimeiona, mashallah. Sasa nakusamehe, hukula. Lakini sikuitazama sana. Nnatazama huo moshi mdomoni mwako. Miaka yote nnamtazama bibi harusi ukutani, hazeeki, hapumui, nangoja arudi nilipomzoea. Sasa nimekuona ulipo. Unapumua, dada yangu. Basi, simngoji tena yule."

"Zima," Bibi aliniambia. Akaingia chumbani kwake akafunga mlango. Mimi nilidhani ameudhika kwa kuambiwa amezeeka, na jioni nilimpelekea chai nikamwambia kwamba picha ni nzuri sana. Alinivuta akanipakata, mkubwa nilivyokuwa.

Bi Zuwena alifariki miaka michache baadaye, na Bibi akamfuata mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nilikuwa nimeshamaliza chuo nilipokwenda Unguja mara ya kwanza. Wajukuu wa Bi Zuwena walinipeleka chumbani kwake, na ukutani zilikuwepo zote mbili, bega kwa bega: bibi harusi aliyeanza kufifia, na yule bikizee wa Jebel Shams na koti la mwanamume. Nikasimama mbele yake na machozi yakanitoka bila ya kuitwa. Hapo tu nilifahamu kwa nini alikuwa hapigwi picha. Alimwacha yule msichana wa hina kama mtu anavyoacha mtandio juu ya kiti ili nafasi yake isikaliwe. Maadamu picha ya Unguja ni hiyo moja, kulikuwa na mtu anamngoja, na yeye bado ni mtu wa kurudi. Picha nyingine, ya uzee, ya Omani, ingesema kuwa amehama. Alilijua hilo kwa miaka thelathini. Halafu asubuhi moja aliona uzuri uliomzidi, hakuweza kuuona bila ya Zuwena, na akaiachia nafasi yake kwa pande la barafu ya mbuzi.

Lile koti sikulirudisha kabatini. Nimelitundika nyumbani kwangu, chini ya nakala yetu ya picha ile, na binti yangu mdogo analalamika kuwa ukumbi mzima unanuka. Juzi alipanda kiti, akaikaribia picha mpaka pua ikagusa kioo. Akataka kujua moshi ule umetoka wapi, na moto uko wapi.

Nikamwambia hakuna moto. Nikamwambia, Bibi anapumua.