Moshi wa Buluu wa Mama Naisula

Iko siku moja ninayoikumbuka kila nikinusa oili inayoungua, mwanangu, na kwa kuwa barabara hii ya Namanga haikosi magari yanayofuka, naikumbuka karibu kila wiki. Ilikuwa asubuhi, Kitengela, katikati ya kiangazi, nami nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu niliyedhani nimeshaijua injini.

Shule niliiacha darasa la saba. Sikufukuzwa. Niliona tu kwamba ukuta wa darasa uko palepale kila siku, na miguu yangu haikuweza kuvumilia jambo hilo. Nilichunga mbuzi wa watu Kimuka, nikauza maji kwa mkokoteni upande wa Gataka, nikawa utingo wa lori la mchanga. Popote nilipokwenda nilibeba ugonjwa mmoja: kitu chochote kilichofungwa nilitaka kukifungua nione kilichomo. Saa, redio, kufuli, pampu ya maji. Vingine nilivirudisha vikafanya kazi. Vingine vilinifanya nihame mtaa.

Ndivyo nilivyofika kwenye gereji ya Mzee Parsaloi, kiwanja kidogo kilichozungushwa mabati. Mzee alikuwa amechunga ng'ombe wa baba yake, akaendesha malori miaka mingi, kisha akawa fundi. Alikuwa mtu wa maneno machache, isipokuwa wakati wa salamu. Mteja akifika, Mzee alifuta mikono, akamsimamisha kando ya gari, wakaanza: watoto, mifugo, mvua, njia, majirani, yule mzee aliyekuwa anaumwa mguu. Ndivyo Wamaasai wanavyosalimiana hata leo. Mtu hatoi shida yake kabla habari hazijatoka zote. Mimi nilikuwa nikisimama pembeni na spana mkononi, nikihesabu dakika, nikijiambia kwamba mzee huyu angekuwa na magari mara mbili kama angesalimia nusu.

Siku hiyo Mzee alikuwa amevuka barabara kunywa chai. Nilikuwa peke yangu pikapu ya dizeli ilipoingia, nyuma imepakiwa mitungi mitupu ya maziwa. Mwenyewe alishuka polepole, mama wa makamo mwenye shanga shingoni na viatu vya raba. Nilimjua kwa jina, Mama Naisula. Alikuwa akikusanya maziwa ya wanawake kumi na mmoja huko ndani zaidi ya Isinya na kuyaleta kwa hoteli za Kitengela kila asubuhi.

"Sopa, kijana. Habari ya hapa?"

"Nzuri, Mama. Gari iko na shida gani?"

"Habari ya kazi?"

"Nzuri. Fungua boneti nione."

Alinitazama kidogo, kama mtu aliyenyimwa kiti. Kisha akafungua boneti.

Akaniambia inatoa moshi. Akisimama mahali kupakua maziwa, injini ikiwa inanguruma, hakuna kitu. Akiondoka tu, bomba la nyuma linatapika moshi wa buluu mpaka wenye boda boda wanamtukana. Nilisikia neno moja tu katika hayo yote, nalo ni buluu. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Hilo nililijua, na ni kweli. Lakini oili inaweza kuingia motoni kwa njia nyingi, na mimi nilichagua njia moja kabla hata sijainama.

"Ringi za pistoni zimekwisha," nikamwambia. "Hii lazima tufungue injini yote."

"Siku ngapi?"

"Wiki mbili. Ama tatu."

Aligeuka akaiangalia mitungi. "Wiki mbili hao watu wa hoteli watakuwa washapata mwingine," akasema. "Na wale wamama nitawaambia wamwage maziwa wapi?"

"Injini ndiyo imesema, Mama. Si mimi."

Neno hilo bado linaniwasha, mwanangu, kwa sababu injini haikuwa imesema lolote. Nilikuwa sijawahi kufungua injini yenye tabo, ule mtambo ulioviringika kama konokono, unaozungushwa na moshi wa injini ili usukume hewa zaidi ndani. Pikapu ile ilikuwa nayo. Tangu nilipoinua boneti na kuiona, mikono yangu ilikuwa imeanza kuwasha kwa hamu. Nilitaka kuiona injini ile ikiwa vipandevipande mezani. Sababu ya kuifungua niliitafuta baadaye, na ringi, zile pete zinazozuia oili isipande motoni, ndizo zilizokuwa karibu.

Ili kumthibitishia, niliingia ndani, nikawasha gari, nikaliacha lingurume kidogo, kisha nikakanyaga mafuta hadi mwisho. Moshi ukatoka kweli, wingu zima la buluu likavuka mabati na kuingia kwa fundi cherehani jirani. Nikaondoa mguu.

Injini haikupungua. Ilipanda. Sauti ilikwenda juu, ikawa kama mluzi, ikaendelea kupanda. Nilizima kwa ufunguo, haikuzimika. Nikauchomoa ufunguo kabisa. Nilikuwa nimeushika mkononi, mwanangu, na gari bado linanguruma kuliko nilivyowahi kusikia gari likinguruma, moshi umejaa kiwanja, sijui niguse nini. Nilifikiri litapasuka. Mama Naisula alikuwa amerudi nyuma hadi langoni, ameinua mikono kichwani.

Sikumwona Mzee Parsaloi akivuka barabara. Nilisikia tu mkono ukinivuta bega. "Toka." Akaketi, akakanyaga breki kwa nguvu, akaingiza gia ya juu, akaachia klachi kwa ghafla. Gari lilitetemeka, likaruka mbele kama lililogonga ukuta, likanyamaza.

Injini ya dizeli haihitaji ufunguo ili iendelee kunguruma. Inahitaji kitu cha kuchoma na hewa. Oili ilikuwa imejaa kwenye mpira wa kupitishia hewa. Nilipokanyaga, injini iliivuta ikaanza kuila oili yake yenyewe, na kadiri ilivyokimbia ndivyo ilivyovuta zaidi. Ukikosa kuizima kwa gia, unaziba njia yake ya hewa kwa ubao mgumu, kamwe si kwa kiganja. Ikishindikana, unatoka hapo na kuwaondoa watu. Haya niliyaelewa baadaye. Wakati ule nilikuwa bado nimeushika ufunguo.

Nilingoja matusi. Mzee alishuka, akafuta mikono kwa kitambaa chake, akaenda hadi langoni.

"Takwenya, Naisula."

"Iko," mama akaitikia salamu hiyo ya Kimaasai, akishusha mikono kichwani.

"Watoto wako aje?"

"Wako salama."

"Na mama yako, yule wa Ilbisil?"

"Anatembea na fimbo, lakini anatembea. Mdomo ndio hautumii fimbo."

Mzee akacheka. "Ng'ombe?"

"Wako. Wamekonda."

"Mvua?"

"Mvua gani, Mzee. Hata mawingu yamehama."

"Basi vumbi imewamaliza."

"Vumbi tunakula, vumbi tunalalia. Hata hii gari shemeji yangu ameivalisha shuka ndiyo isikohoe."

Mzee aliacha kufuta mikono. "Ameivalisha wapi?"

"Hapo ndani inapovutia hewa. Alisema chujio inaingiza vumbi, akaifunga na kipande cha shuka yake ya zamani. Mwezi uliopita."

"Na moshi ilianza lini?"

"Kama wiki mbili sasa."

Mzee hakunitazama. Alirudi kwenye gari, akafungua kasha la chujio la hewa, na shuka ilikuwa pale, nyekundu kwa ndani na kwa nje ngumu kama udongo uliokauka. Kona moja ilikuwa imechanika na nyuzi zake zimevutwa ndani ya bomba.

Ndipo akaniita nisogee. Hakunifundisha kwa maneno mengi. Alitoa mpira ulio mbele ya tabo, akanishika vidole viwili, akaviweka kwenye ncha ya mhimili wa ndani. "Tikisa." Ulicheza juu na chini. Mhimili mzima haupaswi kucheza hivyo. Mapezi yake madogo yalikuwa yameliwa ncha. Akatoa mpira unaotoka kwenye tabo kwenda kwenye injini, akauinamisha, oili ikachuruzika chini hadi ikafanya kidimbwi. Tabo ilikuwa ikinyonya hewa kupitia shuka iliyozibwa na vumbi, na ilipokosa hewa ikanyonya oili yake yenyewe. Nyuzi zilipoingia, zikaimaliza.

Akasafisha mipira yote, akapanga injini ivute hewa bila kupitia tabo, akanipa ubao niushike tayari. Akawasha. Moshi ulitoka kidogo, ukafifia, ukaisha. Injini ikiwa bado inanguruma, akafungua kifuniko cha kutilia oili. Ringi zikiisha, moshi husukumwa nje hapo kama mtu anayehema. Pale palikuwa pametulia.

"Ringi ziko wapi hapo?" akaniuliza.

Niliinama nikachungulia tena pale pa kutilia oili.

"Nikuulize, Mutiso. Ulitaka kumtengenezea mama gari, ama ulitaka kuona ndani?"

Nilidhani hakuna anayejua. Nikatazama chini. Mzee hakuinua sauti. Alisema tu, "Basi mwambie yeye. Usiniambie mimi."

Nilimwendea Mama Naisula pale alipokaa juu ya mtungi uliopinduliwa. Nilimwambia kwamba injini yake ni nzima, kwamba iliyoharibika ni tabo, na kwamba nilisema ringi kwa sababu nilitamani kufungua injini ambayo sijawahi kufungua. Kusema maneno hayo kulikuwa kugumu kuliko kazi yoyote niliyofanya mwaka ule.

"Kijana," akasema, "nyumbani niko na redio imekufa. Ukisikia hamu kama hiyo, kuja ufungue hiyo. Wacha gari yangu."

Fundi cherehani, aliyekuwa amekuja kulalamika kuhusu moshi, alicheka mpaka akashika nguzo. Nami nikacheka, ingawa masikio yalikuwa ya moto.

Tabo ilipelekwa Nairobi kwa mtu anayezitengeneza. Kwa siku mbili maziwa yalibebwa na pikapu ya jirani wa Mama Naisula. Siku ya tatu gari lake likatoka kiwanjani likiwa na chujio jipya, bila shuka, na nyuma yake hakukuwa na kitu ila hewa. Mzee alimwelekeza asizime injini ghafla baada ya safari ndefu. Aiache itulie kidogo, ili oili iendelee kuipoza tabo. Shemeji alirudishiwa kipande chake cha shuka kimefuliwa. Nilikifua mimi.

Jioni ya siku hiyo Mzee alinitupia tabo nyingine iliyokufa zamani, iliyokuwa ikishikilia mlango wa stoo. "Fungua hii," akasema. "Hakuna mtu anaingoja." Nilikaa nayo hadi giza likaniondoa. Kila nilichotaka kuona katika injini ya Mama Naisula kilikuwa mle, na hakikumgharimu mtu maziwa.

Sikukaa pale milele. Unajua sikai popote. Lakini tangu hapo, kila nilikopita, Matasia, Kajiado, hata huko Namanga, niliingia kwenye kazi kwa mlango wa salamu.

Juzi kijana mmoja alinionyesha moshi kwenye simu yake akataka nimwambie ugonjwa. Nilimwambia nitakalokuambia na wewe. Moshi mweusi ni dizeli iliyozidi hewa. Tafuta mpira uliopasuka au chujio lililoziba. Moshi mweupe usioisha, wenye harufu ya utamu, ni maji ya rejeta yanayopotea. Wa buluu ni oili, na hapo uliza inatoka lini: asubuhi tu gari likiwashwa, wakati wote, au, kama la Mama Naisula, baada ya kunguruma kwa muda gari likiwa limesimama. Lakini kwenye simu hakuna mwenye gari, na mwenye gari ndiye aliyeishi na ule moshi. Mwache azungumze. Akianza na mvua na mama mkwe, mwache, kwa sababu hata yeye hajui ni neno gani katika hayo lenye ugonjwa. Mama Naisula alikuja na jibu lake mdomoni, nami nikamkata kwenye "habari ya kazi".

Na udadisi wako usiuue, mwanangu. Mimi umenilisha maisha yangu yote. Ila kabla hujaweka spana kwenye kitu cha mtu, jiulize swali la Mzee Parsaloi, ujijibu ukweli. Ukiona unachotaka ni kuona ndani, katafute kilichokufa ambacho hakuna anayekingoja.

Mungu akupe masikio yanayomaliza salamu, na mikono inayosubiri masikio. Akupe watu wa kukuvuta bega kabla injini haijapasuka. Na moshi utakaouzoea maishani mwako uwe ule wa jikoni, asubuhi, chai ya maziwa ikichemka.