Karatasi Arobaini na Tatu za Uwingabire

Kuna ujuzi ambao ukiutaja kijijini Mabira watu wanakuangalia kama umesema unafuga upepo. Uwingabire alikuwa nao mmoja: aliweza kumchukua mtoto wa miaka kumi na mitatu aliyenuna tangu asubuhi, asiyemjua na asiyemtaka, akamfanya acheke kabla ya nusu saa kwisha.

Ujuzi huo aliupatia majini. Kwa miaka saba alifanya kazi kwenye meli za watalii, zile zinazobeba familia nzima nzima kutoka bandari hadi bandari, ghorofa kumi na sita juu ya bahari. Alianza na kuosha sahani. Walipogundua kwamba anaongea Kiingereza, Kifaransa na Kihispania cha kuokoteza, wakampandisha ghorofa ya kumi na mbili, kwenye klabu ya vijana wadogo. Kilikuwa chumba kisicho na dirisha, na mlangoni kimeandikwa umri wa wanaoruhusiwa: kumi na miwili hadi kumi na minne. Wadogo kuliko hapo walikuwa na chumba chao cha kupakwa rangi usoni. Wakubwa walikuwa na baa. Hiki kilikuwa cha wale wa katikati, ambao sauti huwakatikia njiani na miguu huwatangulia kukua. Mzazi aliishia kizingitini. Hiyo ilikuwa sheria ya kwanza, na bila hiyo chumba kisingekuwa na maana. Uwingabire alipokea watoto wa Santos, wa Genoa, wa Marseille, wa Durban, akakuta dunia nzima inanuna kwa uso mmoja.

Mama yake, Kampire, hakuwahi kuielewa kazi hiyo.

"Yaani wanakulipa ucheze na watoto wao?"

"Si kucheza tu, mama."

"Na wao wenyewe wako wapi?"

"Wako humohumo melini, ghorofa ya juu. Wanaota jua."

Kampire aliweka chini kisu cha kumenyea ndizi. "Masikini watoto," alisema, akaendelea kumenya.

Safari hii Uwingabire alikuja likizo na uamuzi nusu. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja na amechoka kulala chini ya usawa wa maji. Wakala wa meli alimwandikia: ajibu kabla ya saa sita mchana ya Jumamosi ya pili ya Juni kama anarudi; asipojibu, nafasi inakwenda kwa mwingine na jina lake linafutwa. Akamwambia mama yake: "Nitafungua klabu hapa, likizo hii ya shule. Watoto wa umri uleule. Ikisimama kabla ya Jumamosi hiyo, sirudi. Isiposimama, naondoka."

"Wa umri huo hapa wanachunga na kuanika kahawa," Kampire alisema. "Hawanuni. Hawana muda."

Lakini wananuna. Uwingabire alikuwa ameona. Aliona wasichana wakikaa ukingoni mwa kisima na madumu yaliyokwisha kujaa, wasitake kurudi nyumbani. Aliona wavulana wanaofukuzwa kwenye mazungumzo ya wakubwa na kuonea aibu michezo ya wadogo. Hakuna aliyekuwa na mahali pa kuwaweka.

Adelard, katekista wa kigango, alimpa darasa la zamani la mafundisho. Alikuwa mtu mnene wa utani mwingi. Jumapili, baada ya misa, akasimama mbele akatangaza: "Wazazi, binti yetu Uwi amezunguka dunia akiwachezesha watoto wa matajiri. Sasa anataka kuwachezesha hawa wetu, bure. Msimuulize kwa nini. Wengine husafiri wakarudi na sufuria, yeye karudi na michezo." Watu wakacheka. Watoto arobaini na watatu walijipanga nje, kila mmoja akapewa karatasi ya kupeleka nyumbani.

Karatasi hizo aliziandaa mwenyewe. Alitafsiri fomu ya melini, kipengele kwa kipengele, akapanda bodaboda hadi Rubwera kuzipiga chapa, mkabala na ofisi za wilaya. Jina kamili la mtoto. Tarehe na mahali pa kuzaliwa. Uraia wa baba. Uraia wa mama. Mahali walipozaliwa wazazi. Chakula kinachomdhuru. Nani anaruhusiwa kumchukua mtoto. Sahihi au dole gumba. Chini kabisa aliacha nafasi ya picha ndogo. Alijivunia ile kazi. Hapakuwa na kosa hata moja la kuandika.

Jumatatu saa tatu alifungua mlango. Alikuwa amepaka kuta chokaa, ametandika mikeka, ametengeneza sanduku la mbao lenye kifuniko kwa ajili ya simu, kwa sababu melini simu ziliachwa mlangoni. Saa nne ikafika. Saa tano. Nje kulikuwa na kuku wa Adelard.

Saa tano na nusu alitokea msichana mmoja mrefu, fimbo ya kuchungia begani. Alikuwa Katusiime, binti wa Elieza, mmoja wa wafugaji wa upande wa mbugani. Alitoa karatasi iliyokunjwa mara nane.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mbona peke yako? Wenzako wako wapi?"

"Nyumbani."

"Wanafanya nini?"

"Wanakatazwa." Alitazama kuta, mikeka, sanduku. "Hii ndiyo klabu? Nilidhani ina vitu."

"Vitu ni nyinyi. Baba yako ndiye aliyejaza?"

"Baba hasomi. Nimejaza mimi. Sahihi pia ni mimi." Kisha, kama anayemsaidia mtu mzito wa kuelewa, akasema: "Kwa mzee Nshimiyimana za watoto wake wote watatu zimewashiwa moto."

Uwingabire hakutaka kumbana mtoto. Alifunga mlango akaenda nyumba kwa nyumba, siku tatu mfululizo, na siku hizo tatu nusura zimtie wazimu. Hakuna aliyemkatalia. Walimkaribisha, wakampigia magoti ya salamu, wakamletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo kama desturi inavyotaka kwa mgeni. Mama mmoja alisema kahawa iko uani, nani ataigeuza. Mwingine alisema maharage. Wa tatu alisema mtoto ana mafua, na mtoto mwenyewe alikuwa juu ya mparachichi akiimba. Kwa mzee Nshimiyimana alipewa rubisi, ile pombe ya ndizi, ndizi za kuchoma, kiti chenye kitambaa. Alipewa kila kitu isipokuwa mtoto.

"Mzee, kama kuna neno, niambie," alimsihi.

"Neno gani, binti yangu? Kunywa."

Melini mzazi asiyeridhika alipiga kelele, akaomba kuonana na mkubwa wako, mkamalizana. Hapa alitoka kila nyumba ametafuna kahawa hadi meno yakawa meusi, hana jibu hata moja. Alhamisi jioni alirusha kikapu chake jikoni kwa mama yake.

"Wivu! Ni wivu tu, mama. Au uvivu. Nimeshindwa kuwaelewa watu wa kwetu!"

Kampire alikuwa akipepeta maharage. "Ile karatasi yako iko wapi?"

"Ya nini?"

"Nisomee. Kwa sauti."

Uwingabire akasoma. Jina kamili. Mahali pa kuzaliwa. Uraia wa baba. Alipofika uraia wa mama sauti ilianza kupungua. Alipofika nani anaruhusiwa kumchukua mtoto akaishusha karatasi.

Kampire alinyanyua kidevu kuelekea nyuma ya mlango. Pale kwenye msumari ulining'inia mfuko wa plastiki wa mistari, uliofifia, ambao Uwingabire alikuwa ameuona kila likizo akidhani una mbegu. Aliuteremsha. Ndani mlikuwa na vitenge viwili, sufuria ndogo, kadi ya kliniki iliyoandikwa jina lake mwenyewe, na cheti chake cha ubatizo.

Ulikuwa mfuko uliofungashwa mwaka ule wa msako, watu wa serikali walipopita na orodha wakiuliza nani mwenyeji na nani mgeni wa kufukuzwa nchini. Babu yake Uwingabire alivuka mto Kagera, mpakani, kuja kulima kahawa za watu kabla ya uhuru. Baba yake alizaliwa Mabira na kuzikwa Mabira. Hilo halikuwazuia kulala wamevaa viatu kwa majuma mawili. Uwingabire wakati huo alikuwa chuoni Mwanza. Aliambiwa kwa simu kwamba wote ni wazima, akaamini.

"Miaka yote hii hujautoa?"

"Unakula nini pale mlangoni?"

"Na kwa nini hukuniambia tangu Jumapili?"

"Ulikuwa na furaha," mama yake alisema. "Nikasema labda wao hawataona."

Ijumaa alipita tena nyumba zote, akikusanya karatasi zilizobaki. Zilirudi kumi na tisa. Alizichana mbele ya wenyewe. Mzee Nshimiyimana, ambaye zake zilishaungua, alivitazama vipande vya karatasi za jirani vikianguka.

"Nani alikutuma uandike alikozaliwa baba yangu?"

"Ni fomu ya melini, mzee. Nilitafsiri tu."

"Meli inamtaka nini baba yangu?"

Aliomba radhi, akasema kesho atafungua saa tatu, bila karatasi yoyote.

Jumamosi, siku ileile aliyoitaja wakala, walikuja saba. Saba, kati ya arobaini na watatu! Na hawakuja peke yao: kila mtoto aliletwa na mzazi, na kila mzazi alivuka kizingiti akakaa kwenye benchi la ukutani, mikono magotini, kama wako zahanati wanasubiri kuitwa. Mzee Nshimiyimana yeye alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje, bintiye Niyonsenga mbele yake.

"Kitabu kiko wapi?"

"Hakuna kitabu, mzee."

"Sasa utajuaje nani kaja?"

"Nitawajua kwa nyuso."

"Na mmoja akipotea njiani? Akienda mtoni? Mimi nije nikuulize, wewe useme uso gani?"

Hapo subira ya juma zima ikamwishia. "Ndiyo maana niliandika ile karatasi, mzee!" alipaza sauti. "Mtoto akipotea melini tunasimamisha kila kitu! Nilitaka nijue ni wa nani, anakula nini, nimrudishe kwa nani! Mkakaa na neno lenu, mkaninywesha rubisi siku tatu!"

Benchi zima likainamisha macho. Binti wa watu hamfokei mzee hivyo. Adelard, aliyekuwa nje, alikohoa kikohozi kisicho na mafua.

"Andika basi," Nshimiyimana alisema. "Kwa chaki. Jina moja moja, la baba lisiwepo. Jioni ufute."

Ubao wa mafundisho ulikuwepo ukutani. Aliandika majina saba. Akafungua sanduku, vijana wawili wakatumbukiza simu, na yeye, kwa mazoea ya miaka, akatumbukiza yake.

Alianza na mchezo ambao haujawahi kumwangusha baharini: kila mtu aseme mambo matatu juu ya nyumbani kwao, mawili ya kweli na moja la uongo, wenzake wakisie. Watoto wakatazama benchi la wazazi. Benchi likawatazama wao.

"Katusiime, anza wewe. Sema tu, kwa mfano, kwenu mna ng'ombe wangapi."

"Ng'ombe wa baba hawahesabiwi kwa mdomo, dada. Hujui?" Mtu akaguna benchini. "Na mchezo wenyewe ni wa kipelelezi."

Hata Niyonsenga alicheka hapo, kiganja mdomoni.

"Haya, wa kwako uko wapi?" Uwingabire aliuliza, amekereka kwelikweli. "Wewe uliyesema klabu haina vitu. Lete."

"Wazee watoke kwanza."

"Hawatoki. Unawaona."

"Basi sisi tutoke."

Walikuwa bado wanabishana, kwa sauti, watoto wanne sasa wakichangia, Adelard alipogonga ile rimu ya gari inayotumika kama kengele ya kigango. Saa sita. Uwingabire aliligeukia sanduku. Simu ilikuwa mle, ujumbe wa wakala haujajibiwa. Kutembea hadi pale ni hatua sita, na kidole kimoja kingetosha. Wakala asingelalamikia dakika tano. Akawaza ghorofa ya kumi na mbili, wazazi wakiishia mlangoni bila ubishi, watoto wakicheka kwa wakati. Kisha akawatazama hawa saba. Hakuna aliyekuwa amecheka kwa ajili yake hata mara moja.

"Klabu haijasimama," alijiambia. "Na siwezi kuondoka nimeshindwa namna hii."

Akaliacha sanduku limefungwa. "Haya, tutoke," akamwambia Katusiime, "lakini pale ninapowaona." Wakatoka kiwanjani, na benchi zima likanyanyuka likafuata.

Saa kumi watoto walipoondoka, mzee Nshimiyimana alibaki. Uwingabire alichukua kitambaa akafuta ubao. Mzee akasogea karibu, akainama, akanyoosha kidole.

"Hapa Niyonsenga bado inasomeka."

Akafuta tena.

"Bado. Ile N."

Alitemea kitambaa mate akasugua, meno ameyauma, mpaka pakabaki doa la maji tu, na mzee akaendelea kusimama pale akisubiri likauke.

"Jumatatu saa tatu," Uwingabire alisema.

"Tutaona," alisema mzee.